Dakika Ishirini za Jirani



Leo sitaanza na Maandiko, nitaanza na baiskeli. Usishangae, Maandiko yanakuja.

Kwa sasa niko katika mwaka wa kichungaji, kwenye parokia moja ya kijijini mkoani Tabora. Nimemaliza falsafa, na kabla ya kuingia teolojia nimetumwa kukaa na waamini, kufundisha, kutembelea jumuiya ndogondogo na kujifunza maisha ya parokia yalivyo. Siku nne kwa wiki nakwenda kusaidia kufundisha kwenye shule ya sekondari iliyo kilometa saba kutoka parokiani. Usafiri wangu ni baiskeli, ile kubwa nyeusi yenye karia nyuma, ambayo mafrateri walionitangulia waliitumia pia. Kiti chake kimeshonwa mara mbili. Kengele haifanyi kazi, kwa hiyo napiga mluzi.

Anayezijua njia za huku anaujua mchanga. Kuna sehemu unakanyaga pedeli na gurudumu linazunguka papo hapo, mpaka ushuke usukume. Masika mchanga unageuka tope, linajaa kwenye madigadi, unatafuta kijiti unakwangua, unaendelea. Shule iko mashariki, kwa hiyo asubuhi jua liko usoni, na jioni nikirudi liko usoni tena. Njiani nasali Rozari kwa vidole kumi vilivyoshika usukani: kila Salamu Maria, kidole kimoja kinainuka kidogo. Macho nayaacha wazi, maana malori ya mbao hayamsubiri mtu amalize fumbo.

Kitu kimoja nilikigundua mapema. Ukiwa ndani ya basi, watu wa pembeni mwa barabara wanakupita kama picha. Ukiwa juu ya baiskeli unapita karibu nao kiasi cha kusikia wanachoongea, na ni lazima usalimie. Nilijisifu sana kwa hilo. Nilijiona frateri wa watu. Mpaka siku moja ya mwezi wa tisa.

1. Asubuhi ya haraka

Siku hiyo nilichelewa kutoka. Nikuambie ukweli kwa nini. Baada ya Misa na chai nilikaa kibarazani na simu, nikisema naangalia ujumbe mmoja tu. Unajua mambo yanavyokwenda. Ujumbe ukazaa video, video ikazaa mabishano ya mpira, na nilipoinua kichwa dakika ishirini na tano zilikuwa zimekwenda. Kipindi changu kilikuwa saa mbili kamili. Nikafunga suruali kwa kipande cha tyubu isishikwe na cheni, nikaondoka mbio.

Karibu na katikati ya safari kuna mto mkavu. Unashuka kwa kasi, unavuka mchanga, halafu unapanda mlima mfupi lakini mkali. Pale chini nikamkuta mzee amesimama na baiskeli yake. Karia ilikuwa na magunia mawili ya mkaa, na moja lilikuwa limeteleza ubavuni. Cheni ilikuwa imekatika, inaning'inia. Alikuwa ameishikilia ile baiskeli kwa mikono miwili na kifua ili isianguke. Mwenyewe hakusema kitu.

Nikasema, “Shikamoo mzee!”

“Marahaba, mwanangu.”

“Pole sana, mzee. Mungu akusaidie!”

Na nikapita. Niliikimbiza baiskeli kwenye mchanga, nikashuka, nikasukuma hadi juu, nikapanda tena. Sikugeuka nyuma.

Nilifika shuleni saa mbili kasoro dakika tatu. Wanafunzi walikuwa bado wanafagia uwanja. Kipindi kilianza saa mbili na robo.

2. Alichosema mzee

Siku hiyo nilikuwa na vipindi vya asubuhi tu, kwa hiyo saa saba mchana nikaanza kurudi. Nilipofika juu ya ule mlima, yule mzee alikuwa amekaa chini ya mwembe. Baiskeli ilikuwa imelala pembeni. Gunia moja lilikuwa limeegemezwa kwenye shina, la pili lilikuwa limepasuka na yeye alikuwa anaokota vipande vya mkaa vilivyomwagika njiani. Alikuwa ameusubiri msaada, hakuupata, akafungua mzigo akaupandisha mwenyewe, gunia moja, halafu la pili, halafu baiskeli.

Safari hii nilishuka. Tukaokota mkaa pamoja. Tukafunga gunia lililopasuka kwa majani na kamba. Nikaweka gunia moja kwenye karia yangu, lingine likabaki kwake, tukaanza kusukuma taratibu kuelekea kijijini kwa fundi. Njiani nikamuuliza, kwa sauti ya mtu anayetaka kujitoa kwenye lawama, kama watu wengi walipita asubuhi.

“Wengi,” akasema. “Ila wewe ulinisalimia. Nikasema moyoni, kijana huyu ana adabu, haraka yake tu ndiyo kubwa.”

Hakusema kwa kejeli. Alikuwa ananishukuru kwa ile salamu, na shukrani hiyo ilinichoma kuliko tusi. Tulipofika kwa fundi akasema, “Alhamdulillahi,” akanipa maji ya chupa yake aliyokuwa amebakiza. Nilikunywa. Sikumwambia mimi ni frateri. Niliona aibu.

Usiku wake, wakati wa kutafiti dhamiri, nilirudia maneno yangu ya asubuhi: Mungu akusaidie. Mtume Yakobo anayajua maneno hayo. Katika Yak 2:15-16 anatupa mfano wa mtu anayemwambia ndugu asiye na nguo wala chakula aende kwa amani, akaote moto na kushiba, na wakati huohuo hampi chochote. Yakobo anauliza, hiyo inafaa nini? Na mimi nilimwachia Mungu kazi ambayo alikuwa amenituma mimi kuifanya. Tena kwa baraka.

3. Njia ya Yeriko

Sasa tufungue Lk 10:25-37, Msamaria mwema. Tunaijua hadithi hii tangu mafundisho ya Komunyo ya Kwanza, na shida yake ni hiyohiyo, tunaijua mno. Angalia vitu vitatu.

Kwanza, ni hadithi ya njiani. Barabara ya kutoka Yerusalemu kwenda Yeriko ina urefu wa kilometa 27 hivi na inateremka zaidi ya meta 1,000, katikati ya majabali na nyika. Yesu angeweza kumweka yule majeruhi sokoni au mlangoni mwa Hekalu. Amemweka mahali ambapo kila mtu yuko safarini na kila mtu anawazia anakokwenda.

Pili, kuhani alikuwa anateremka. Yaani anatoka upande wa Yerusalemu. Mara nyingi tunamtetea kwamba aliogopa kunajisika akashindwa kutoa huduma Hekaluni. Lakini mwelekeo wake hauungi mkono sana utetezi huo. Luka hatuambii kwa nini alipita upande mwingine. Anatuambia tu kwamba aliona, akapita. Mimi pia niliona.

Tatu, Msamaria naye alikuwa msafiri, mstari wa 33 unasema hivyo wazi. Alikuwa na safari yake, na huenda na biashara yake. Alipompandisha majeruhi juu ya mnyama wake, safari ile ikawa ya mwendo mwingine kabisa. Kesho yake aliendelea na safari. Hakuacha majukumu yake milele, ila aliruhusu yachelewe.

4. Waseminari arobaini

Tulipokuwa falsafa tulikutana na utafiti mmoja wa Marekani, na darasa zima tulicheka. Siku hizi sicheki. Wanasaikolojia wawili, John Darley na Daniel Batson, waliuchapisha mwaka 1973. Waliwachukua wanafunzi 40 wa seminari ya Kiprotestanti ya Princeton, wakawaambia waende jengo jingine kutoa hotuba fupi. Baadhi walipewa mada ya kazi ambazo mhitimu wa seminari anaweza kufanya. Wengine walipewa mada ya Msamaria mwema. Njiani waliwekewa mtu aliyejikunyata mlangoni, anakohoa na kugumia.

Kabla ya kuondoka, wengine waliambiwa bado wana muda, wengine kwamba muda umewadia, wengine kwamba wamechelewa tayari. Kati ya waliokuwa na nafasi, asilimia 63 walimsaidia yule mtu. Kati ya wale wa katikati, asilimia 45. Kati ya waliokuwa na haraka kubwa, asilimia 10 tu. Na kuwa na mada ya Msamaria kichwani hakukuleta tofauti ya maana. Kuna ambao walikuwa wanakwenda kuhubiri Msamaria mwema, na wakampita mtu mlangoni.

Utafiti mmoja wenye watu arobaini hauwezi kutuambia kila kitu kuhusu moyo wa binadamu, na sisi tunaamini neema. Lakini unatuonya jambo moja: mtu anaweza kujua somo lote, akalipenda, akaliandalia hotuba, na bado akashindwa kwa sababu ya saa. Mimi sikuwa mkatili asubuhi ile. Nilikuwa nimechelewa tu. Na kwa mzee aliyeshikilia magunia mawili, tofauti ya hivyo viwili ilikuwa ndogo sana.

5. Na wanaonisubiri je?

Najua kuna mtu anasema: Frateri, subiri kwanza. Darasa zima linakusubiri. Kuchelewa nako si kosa? Mwajiri wangu ananikata mshahara nikichelewa. Nikisimama kwa kila mwenye cheni iliyokatika, nitakula nini?

Hoja hiyo ni ya kweli, tusiipuuze. Kufika kwa wakati ni haki ya wale unaowahudumia. Kumnyima mwanafunzi kipindi chake ili mimi nijisikie mwema siyo upendo.

Soma Mk 5:21-43. Binti wa Yairo yuko mahututi na Yesu ameshaanza safari. Hakuna dharura kubwa kuliko hiyo. Katikati ya umati mwanamke aliyetokwa damu miaka 12 anagusa vazi lake, na Yesu anasimama. Anauliza nani amemgusa, anasubiri, anasikiliza kisa chote. Fikiria Yairo alivyokuwa anajisikia dakika zile! Na kweli habari inakuja kwamba binti amefariki. Lakini Yesu anaendelea na safari, na binti anasimama. Yesu hakumtupa Yairo kwa ajili ya mwanamke, wala mwanamke kwa ajili ya Yairo.

Sisi hatuna uwezo wa kufufua. Tulicho nacho ni fadhila ya busara. Mtakatifu Thoma wa Akwino anafundisha kwamba sehemu ya busara ni kuona mbele, kupanga yajayo kabla hayajafika (Summa Theologiae, II-II, swali la 49, kipengele cha 6). Pale chini ya mlima nilikuwa sina namna nzuri ya kuchagua: nimsaidie mzee niwakosee wanafunzi, au niwawahi wanafunzi nimkosee mzee. Kosa langu halikuanzia mtoni. Lilianzia kibarazani. Dakika alizozihitaji mzee nilikuwa nazo, nikazipa simu kabla sijamwona.

Hapo ndipo somo letu lilipo, kijana mwenzangu. Mara nyingi upendo unashindwa asubuhi, kabla ya kukutana na mtu yeyote.

6. Dakika ishirini

Tangu wiki ile najitahidi kuondoka dakika ishirini kabla ya muda ninaouhitaji. Naziita dakika za jirani. Si zangu. Anayetokea njiani anazichukua, asipotokea mtu nafika mapema, nakaa chini ya mti karibu na ofisi ya walimu na kuongea na wanafunzi wanaowahi. Nimegundua kwamba wanaowahi sana mara nyingi wana sababu ya kukimbia nyumbani. Hayo nisingeyajua kama ningekuwa naingia kengele inapogonga.

Nimenunua pia viraka, solusheni, spana ndogo na kipande cha cheni, na fundi amenifundisha kuunga cheni kwa msumari na jiwe. Salamu yangu sasa ina kitu nyuma yake. Siku nyingi hakuna kinachotokea. Wiki mbili zilizopita nilimzibia pancha mtoto wa darasa la tano. Ijumaa iliyofuata nilichelewa tena, kwa sababu ileile ya simu, na nikampita mama mwenye ndoo mbili, nikasalimia tu. Aristotle alifundisha kwamba tunakuwa waadilifu kwa kutenda mara kwa mara matendo ya uadilifu. Ni kama kujifunza baiskeli, maelezo hayatoshi, unaanguka na kupanda tena. Kitubio kipo kwa ajili hiyo.

Wewe huenda hupandi baiskeli. Unapanda daladala, unaendesha bodaboda, unatembea kwa miguu kwenda chuo. Kanuni ni ileile: usiijaze siku yako mpaka ukingoni. Kwa ndugu zetu wa bodaboda nakumbusha pia kwamba Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2290, inasema ni kosa zito kuhatarisha usalama wako na wa wengine barabarani kwa ulevi au kwa kupenda mwendo kasi kupita kiasi. Na mwaka 2007 Vatikani ilitoa mwongozo wa uchungaji wa barabarani, wenye amri kumi za madereva. Ya pili inataka barabara iwe chombo cha ushirika kati ya watu, siyo cha kifo. Ya nne inatutaka tumsaidie jirani mwenye shida, hasa aliyepata ajali.

Busara iende pamoja na upendo. Dada yangu, hulazimiki kusimama peke yako porini usiku kwa mtu usiyemjua. Unaweza kufika kwenye nyumba ya kwanza ukaita watu, au ukapiga simu. Hiyo nayo ni kusimama.

7. Kasi ya Gino Bartali

Nisieleweke vibaya: kasi yenyewe si dhambi. Kuna Mkatoliki mmoja wa Italia, Gino Bartali, mshiriki wa Utawa wa Tatu wa Karmeli. Alikuwa na kasi kuliko karibu kila mtu wa wakati wake: alishinda mashindano ya baiskeli ya Ufaransa mwaka 1938 na tena 1948. Kati ya miaka hiyo kulikuwa na vita. Kuanzia 1943, Wayahudi wa Italia walipokuwa wanasakwa, Bartali alipanda baiskeli kati ya Firenze na Assisi, zaidi ya kilometa 150, kwa kisingizio cha mazoezi. Ndani ya mabomba ya fremu alificha picha na hati bandia za kuwaokoa watu. Baada ya vita hakupenda kuyatangaza. Alifariki mwaka 2000, na mwaka 2013 taasisi ya Yad Vashem ya Yerusalemu ilimtambua rasmi kati ya watu waliohatarisha maisha kuwaokoa Wayahudi.

Bartali alikimbia kwa sababu ya jirani. Mimi nilikimbia nikamwacha jirani. Baiskeli zote mbili zina magurudumu mawili.

Maswali ya kutafakari (unaweza kuyatumia katika jumuiya, VIWAWA au TYCS)

1. Katika siku yangu ya kawaida, ni wapi ninapopita watu kwa haraka? Nani anabaki pale chini ya mlima?
2. Dakika zinazonifanya nichelewe, mara nyingi nazipeleka wapi?
3. Ni lini nilisema “Mungu akusaidie” au “nitakuombea” mahali ambapo mkono wangu ulihitajika?
4. Wiki hii nitatenga dakika ngapi za jirani, na nitazitoa wapi?

Tusali

Ee Bwana Yesu, ulisimama katikati ya umati ukamsikiliza mwanamke ambaye wengine hawakumwona. Tunaomba utusamehe tulipoona tukapita. Utusaidie kuamka mapema, kuzima simu kwa wakati, na kutoka nyumbani tukiwa na nafasi ya mtu ambaye bado hatujamjua. Uwalinde wote walioko barabarani leo: wa baiskeli, wa bodaboda, wa malori, na wote wanaosukuma mizigo mizito peke yao. Maria, uliyekwenda kwa haraka milimani kumhudumia Elizabeti, utufundishe haraka iliyo njema. Amina.

Nikimkuta yule mzee tena njiani, sasa huwa ananitania: “Leo huna haraka?” Namjibu, “Leo ninazo ishirini, mzee.” Hajaniuliza ishirini za nini.

Nakutakia wiki njema na safari njema.